Damu ya Kitinda Mimba

Kaka yangu amejaliwa watoto watatu, na Januari hii nyumba yake ya Ngamiani, hapa Tanga, ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya damu ya yule wa mwisho.

Chanzo kilikuwa fomu ya shule. Kijana alichaguliwa kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na nyuma ya orodha ya ndoo, fyekeo, chandarua na shuka za bluu palikuwa na ukurasa wa daktari: macho, masikio, kifua, mkojo, kundi la damu. Wifi akampeleka kupimwa. Wakarudi na karatasi imejazwa na kugongwa muhuri, akaiweka juu ya kabati la vyombo isije ikapotea, akarudi jikoni kwenye maharage yake. Baba mdogo alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Pangani kuzungumzia kiwanja. Akaichukua ile karatasi, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kwa sauti kama ilivyo desturi yake, mpaka akafika kwenye damu.

"O chanya," akasema. "Na baba yake je?"

Kaka huchangia damu kila wanapokuja wahamasishaji kazini kwao, na kadi yake hukaa kwenye pochi pamoja na leseni ya udereva. Akaitoa. A chanya. Wifi akajibu kutoka jikoni bila kujua swali linaelekea wapi: "Mimi B, imeandikwa kwenye kadi zangu zote za kliniki."

Baba mdogo akavua miwani. "A na B huzaa A, huzaa B, huzaa na AB. Huyu mkubwa ni AB, sawa, herufi zake zote mbili zimo humu ndani. Hii O imetoka wapi?"

Mama alikuwa mkekani anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi masikio ya mtoto huyu niliyasema tangu arobaini yake."

Nilisimuliwa hayo baadaye, na kila mmoja alinisimulia kwa namna yake, ila kwa jambo moja hawakupishana: kaka hakusema kitu. Alirudisha kadi kwenye pochi, akatoka barazani, akakaa. Wifi aliepua sufuria, akapakua, akawaandalia wote, akaosha vyombo. Alfajiri akapanda gari la kwanza kwenda kwao Muheza na mkoba mmoja tu. Nguo aliziacha. Alichobeba ni zile kadi za kliniki, za mimba zote tatu.

Jioni yake kijana akaja kwangu Chumbageni kwa baiskeli. Hakushuka vizuri, aliitupa pale ukutani. Nilimkaribisha ndani, nikammiminia chai, na hakuigusa. "Shangazi," akaniuliza, "mimi ni mtoto wa nani?"

Nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, na swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tulipofika mada ya urithi, palikuwa na mwanafunzi anayebaki darasani wenzake wakitoka, na karatasi ya maabara imekunjwa mfukoni mpaka imechakaa. Wengi wao hawakuwa na sababu yoyote ya kuogopa. Walikuwa wamefanyiwa hesabu mbovu na mtu mzima, na wakaibeba peke yao. Ndiyo maana usiku ule sikumwambia kijana "usijali." Nilitaka aondoke kwangu akiwa anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe.

Tulianza na kromosomu. Kila seli ya mwili yenye kiini huwa nazo 46, kwa kawaida. Idadi hiyo yenyewe haikujulikana kirahisi: kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu waliamini ni 48, mpaka mwaka 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya huko Sweden kwa njia bora ya kuzitawanya chini ya hadubini. Hizo 46 ni jozi 23. Nikaenda kabatini nikatoa doti ya kanga ambayo sijaikata. Nikamwambia: tuseme una doti 23 za namna hii. Kila doti ni vipande viwili, ukubwa mmoja, pindo moja, mji mmoja. Tofauti na za dukani ni kwamba hapa kipande kimoja umepewa na mama na kingine na baba, kwa hiyo ukitazama kwa makini, ua la huku na ua la kule huenda si rangi moja. Siku ukija kuwa baba, kila doti itakatwa, na mtoto utampa kipande kimoja tu kutoka kila doti. Kipi kitatoka, hakuna anayechagua. Kipande cha pili atapewa na mama yake, na hivyo mtoto anakuwa na doti zake kamili, mpya, ambazo hazikuwahi kuwa za mtu mwingine yeyote.

Kwenye kromosomu ndimo zimo jeni, na binadamu anazo takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Moja yao, iliyo karibu na ncha ya kromosomu namba 9, ndiyo iliyomtoa wifi nyumbani. Kazi yake ni ndogo sana. Chembe nyekundu za damu zimefunikwa na minyororo mifupi ya sukari. Jeni hii ikiwa ya aina ya A, hutoa kimeng'enya kinachoongeza sukari ya namna moja mwishoni mwa mnyororo. Ikiwa ya B, kimeng'enya chake huongeza sukari nyingine. Katika O ya kawaida, herufi moja ya DNA imedondoka katikati ya maelekezo, na kuanzia hapo usomaji wote unavurugika. Kimeng'enya kinachotoka hakifanyi kazi, kwa hiyo haiongezwi sukari yoyote. Ncha ya mnyororo inabaki tupu.

Sasa mtu mwenye A kwenye kipande kimoja na O kwenye kipande cha pili ataonekana vipi? Ile A inafanya kazi yake, sukari inaonekana, maabara inaandika A. Ile O haina cha kuonyesha. Ipo, imekaa, itarithiwa, lakini kipimo cha kawaida hakiioni, kwa sababu kinatazama sukari iliyo juu ya chembe, hakitazami jeni. Mtu mwenye A na O, na mtu mwenye A mbili, kadi zao zitasema A vilevile. Hapo ndipo baba mdogo alipoteleza: alizichukua herufi za kwenye kadi akadhani ndizo herufi zote ambazo mtu amebeba.

Kijana akavuta karatasi. Nikamwacha achore visanduku vinne mwenyewe. Juu akaandika za baba, A na O. Ubavuni za mama, B na O. Akajaza: AB. A. B. Na cha mwisho, O na O. Akakitazama kile kisanduku cha mwisho muda mrefu, kisha akainywa ile chai ingawa ilishapoa.

"Lakini hatujui kama baba ana hiyo O," akasema.

Ni kweli, tulikuwa hatujui. Nikamwambia alale, kesho tutakwenda Ngamiani kuitafuta.

Tulimkuta kaka barazani palepale. Sebuleni, tranka jipya lenye jina la kijana kwa rangi nyeupe lilikuwa wazi, limejaa nusu, na hakuna aliyethubutu kulifunga wala kuendelea kulipanga. Mama alikuwa uani na kuku wake. Nikaamua kuanzia huko, kwa sababu Mama hababaishwi na karatasi, lakini kuku anawajua mmoja mmoja.

Mama hufuga kishingo, wale kuku wa shingo tupu. Anawapenda kwa kuwa wanastahimili joto la Tanga na hawachoshi kunyonyoa, na yote mawili ni kweli, maana jeni inayowanyima manyoya ya shingo huwapunguzia na ya mwilini. Ua wake umezungushiwa ukuta na jogoo ni mmoja. Ukimtazama jogoo huyo, shingo yake si tupu kabisa: mbele, chini ya koo, pana kifundo cha manyoya. Watetea wake wengi nao wana kifundo hicho. Nikamuuliza Mama kuhusu vifaranga waliokuwa wakichakura miguuni kwetu.

"Hawa wa tetea mwekundu," akasema. "Jogoo ni huyu huyu, hana mwenzake."

"Na yule mwenye shingo ya manyoya kamili?"

"Wa mama mmoja. Hutoka hivyo. Kila akiatamia mayai yake utapata mmoja au wawili wa manyoya, na mmoja au wawili wa shingo tupu kama kidole, waliobaki ni kama baba yao."

"Umewahi kusema tetea huyu ametoka nje?"

Mama akaniangalia. Alikuwa ameshafahamu ninakompeleka, na hakupapenda, lakini hakunifukuza.

Kile kifundo ndicho kinachosema siri ya kuku huyu. Kuku mwenye jeni mbili za kishingo, moja toka kwa kila mzazi, hubaki shingo tupu. Mwenye moja tu huachiwa kifundo. Asiye nayo kabisa huota manyoya shingo nzima. Kwa hiyo jogoo wa kifundo na tetea wa kifundo, kila mmoja amebeba pia jeni ya shingo yenye manyoya, na wakikutana, robo ya vifaranga, kwa makadirio, watapata manyoya kamili kutoka kwa wazazi ambao wote wawili tunawaita kishingo. Mama alikuwa ameiona hesabu ya Gregor Mendel kwa miaka mingi uani kwake, ile ambayo mtawa huyo aliipata kwa kupanda njegere huko Brno na kuichapisha mwaka 1866, nayo ikakaa bila kutiliwa maanani mpaka mwaka 1900. Tena kwa damu hali ni ya kificho zaidi, maana O haiachi kifundo cha kuitambulisha.

(Na kwa kuwa tuko kwa kuku: kwa ndege, anayeamua kama kifaranga atakuwa jogoo au tetea ni jike. Kwetu sisi ni kinyume. Mama hutoa X siku zote, baba ndiye hutoa X au Y. Nimesikia wanawake wa mitaa hii wakiongezewa wake wenza kwa kosa la kuzaa mabinti, na sijapata kumsikia mwanamume akiulizwa Y yake imekwenda wapi.)

Baba mdogo alikuwa ametoka ndani anasikiliza. Ni mtu anayependa haki hata anapokosea, nami namheshimu kwa hilo. "Mwanangu," akasema, "ya kuku nimeelewa. Lakini kuku ana kifundo. Kaka yako ana nini cha kunionyesha kwamba ameibeba hiyo O?"

Nikamgeukia Mama. "Mama, zile karatasi za operesheni ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya godoro, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na hati ya kiwanja na picha ya marehemu baba. Miaka ya nyuma Mama alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, akahitaji kuongezewa damu, tukaitwa watoto. Kaka alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na maabara wakamrudisha: damu yake ya A haiwezi kumwingia mgonjwa wa O. Mimi ni O, nikatoa. Mama amelisimulia jambo hilo kwa wageni wote waliowahi kukaa kwenye mkeka wake, jinsi mwanawe wa kiume alivyolia kwenye korido kwa kutofaa.

Nikaikunjua karatasi mbele ya baba mdogo. Kundi la damu: O.

Mtu wa kundi O ana O kwenye vipande vyote viwili. Hana kitu kingine cha kutoa. Kila mtoto aliyemzaa, awe mimi, awe kaka, lazima amepewa O na Mama. Kaka ni A; basi A yake ni ya marehemu baba, na kipande cha pili ni O ya Mama. Hakuna nafasi ya kubahatisha hapo. Ile herufi iliyosemwa haikutoka humu ndani ilikuwa humu ndani tangu kabla ya kaka kuoa, na aliyeileta ndiye aliyekuwa mkekani akichambua mchele. Tena marehemu baba naye alikuwa na O iliyojificha nyuma ya A yake, la sivyo nisingekuwa mimi. Mama wa O alizaa mtoto wa A, akazaa na mwingine wa O, na hakuna aliyemkalia kikao.

Mama aliketi kwenye kizingiti cha jiko. Alizungusha ile karatasi mkononi, akaigeuza nyuma ambako hakuna maandishi, akaigeuza tena.

"Na mama yake kijana?" akauliza baba mdogo, taratibu sasa. "Yeye tunajuaje?"

Hilo alilijibu kijana. Dada yake, binti wa pili, ameolewa Korogwe na ni mjamzito. Kijana akampigia, na baada ya muda mfupi picha ya kadi ya kliniki ikaingia kwenye simu kwa WhatsApp: A chanya. Akawaeleza wazee wawili akiwa amesimama, na sauti yake haikutetemeka. Mama ana B. Dada hana B hata kidogo. Basi kipande ambacho mama alimpa dada si kile chenye B, ni kile kingine. Kama kile kingine kingekuwa na A, mama angeandikwa AB. Hakuandikwa hivyo. Kwa hiyo ni O. Baba ana O aliyopewa na bibi, mama ana O ambayo alishampa dada, na yeye amezipata zote mbili.

Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi, na sijapata kuona mwanafunzi akiitaka hesabu itoke kama alivyoitaka huyu.

Utaratibu huo wa aina tatu za jeni mahali pamoja si mpya hata kidogo. Karl Landsteiner alitangaza makundi ya damu kutoka Vienna mwaka 1901, akatunukiwa Nobeli mwaka 1930, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1924, mwanahisabati Mjerumani Felix Bernstein alionyesha kwa hesabu jinsi A, B na O zinavyorithiwa. Miaka ipatayo 100 imepita. Nauliza kwa nini kila fomu ya shule na kila kadi ya kliniki inamwachia mtu ile herufi bila mstari mmoja wa kumwambia maana yake. Wazazi hupewa herufi, hawapewi maelezo, na wa kwanza kuzitafsiri ni jamaa aliyekuja kuhusu kiwanja.

Kwa haki, ilibidi niwaambie na upande wa pili. Makundi ya damu hayathibitishi kwamba fulani ni baba. Wanaume wenye A na O wamejaa Tanga. Yanachoweza kufanya ni kukanusha, na hata kukanusha kwenyewe kunataka utulivu. Mzazi wa AB akiwa na mtoto wa O, kwa mfano, la kwanza ni kurudia vipimo, maana makosa ya kuandika hutokea. Na zipo hali adimu sana, kama ile iliyoelezwa na madaktari wa Bombay mwaka 1952, ambapo mnyororo wa sukari unakosa msingi wake na damu inaonekana O ilhali jeni ya A au B imo. Kwa kijana wetu hapakuwa na cha kukanusha. A na B kuzaa O ni jambo la kawaida.

Baba mdogo akakohoa. "Basi tumalize kabisa. Kuna kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali."

Kipo, na kina sheria yake ya mwaka 2009, na mtu hajiendei tu dirishani na mtoto mkononi. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa kisheria, kama mahakama, wakili au ofisa wa ustawi wa jamii. Nilikuwa natafuta namna ya kusema kwamba kipimo kinataka kwanza liwepo swali, na swali la nyumba hii lilikuwa limekwisha. Kaka akanitangulia. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Sipimi," akasema. "Nilipaswa kusema siku ile. Mtoto ni wangu. Dada, twende Muheza."

Wifi alitupokea kwa heshima zote. Tulikalishwa, tukamenyewa machungwa, tukaulizwa habari za Tanga. Baba yake alizipokea zile karatasi, akamwita mjukuu wake amweleze, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia bintiye azungumze.

"Wifi," aliniambia mimi, ingawa aliyekuwa akimtazama ni kaka, "hayo ya herufi nimeyasikia na nimeyaelewa, ahsante. Lakini mimi sikuondoka kwa sababu ya herufi. Baba mdogo hajui, nimemsamehe. Mama ni mama yangu, amenilea mimba tatu. Niliondoka kwa sababu mume wangu alirudisha kadi kwenye pochi." Akanyamaza kidogo. "Maneno yalisemwa sebuleni. Yafutwe sebuleni, na mwanangu akiwepo."

Kaka alikubali, na hakuna aliyejaribu kumpunguzia. Siku ya pili yake Mama mwenyewe, ambaye magoti hayamruhusu ngazi za gari, alipakiwa mbele kwenye teksi akaenda Muheza na jogoo wa kifundo kapuni. Walizungumza wao wawili chumbani na sijaambiwa walichozungumza. Jioni sebule ya Ngamiani ilijaa. Kaka alisimama akasema aliyopaswa kusema. Baba mdogo akamwomba radhi kijana kwa jina lake, mtu mzima kwa mtoto, jambo ambalo nimeliona mara chache. Mama akamshika kijana masikio yote mawili mbele ya watu, akasema ni ya marehemu mumewe. Hilo sina kipimo chake. Usiku huohuo wifi akapiga magoti mbele ya tranka akapanga sare, akahesabu madaftari, akalifunga kwa kufuli.

Nilidhani tumemaliza. Wifi hakuwa amemaliza. Kifungua mimba wake ana mchumba, mahari ilikuwa imeshapelekwa, na siku moja tukiwa jikoni akaniuliza kama kuna vingine vinavyojificha namna ile, ambavyo si sukari tu ya kwenye damu. Nikamwambia kuhusu selimundu. Jeni yake iko kwenye kromosomu namba 11, inahusu himoglobini, na tofauti yake ni herufi moja tu iliyobadilika. Mwenye moja ya S na moja ya kawaida, yaani AS, haumwi ugonjwa huo. Tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo lililoonyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana S imeenea kwenye nchi zetu za mbu. Lakini AS akizaa na AS, kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto wa SS, na huyo ndiye anayeumwa mifupa usiku kucha, anayeishiwa damu, anayelazwa. Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka, na wazazi wao wengi hawakujua walichobeba.

Vijana hao wawili walikwenda kupima pamoja, kwa hiari yao. Majibu yalipokuja, baba mdogo aliyasoma kwa sauti tena, na mara hii alisimama kwanza kuuliza. "Huyu ni AS. Si mlisema ni AB?" Kijana, ambaye alikuwa amerudi likizo fupi, akamweleza kwamba hizo ni herufi za mahali pawili tofauti: AB ni ya kromosomu ya 9, AS ni ya ile ya 11, na hazihusiani ila kwa kufanana kimaandishi. Mtu anaweza kuwa kundi O na akawa AA, au kundi A na akawa SS.

Mchumba ni AA. Kwa hiyo mtoto wao hawezi kuwa SS. Nusu ya uwezekano kwa kila mtoto ni kubeba S kama baba yake, na itabidi nao waambiwe watakapofikia umri wa kuchumbia. Wifi alimpigia binti yake Korogwe siku ileile, kwa kuwa S ya kaka mtu imetoka kwa mzazi mmoja wa nyumba hii na huenda na yeye anayo. Naye akaenda kliniki na mumewe. Binti ni AA. Harusi imewekwa Mfungo Mosi.